Kabati Lisilopita Mlangoni

Kabati lile niliunda mwenyewe, tena ndani ya chumba cha kulala, na kosa lilikuwa hapo. Seremala wa kweli angelitengeneza nje kwa vipande, akaliingiza, akaliunganisha kwa skrubu ili siku moja liweze kutoka. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na minane, mwanafunzi wa mwaka wa pili katika masomo ya jioni. Useremala ulifundishwa Jumanne na Alhamisi, na mwalimu wetu alikuwa akisema kwamba anayeshika msumari ameshakiri kushindwa. Nilimwamini mwalimu kuliko macho yangu. Kabati zima halina msumari hata mmoja. Ni vigingi vya mbao, gundi, na viungo vilivyoumana kama meno ya mbwa. Kimo futi saba, upana futi sita. Mlango wa kulia wangu, wa kushoto wa mke wangu.

Nilipomaliza nilimwita aje aone. Alilitazama kabati, akautazama mlango wa chumba, akanitazama mimi.

"Zuri," alisema. "Tutakufa nalo humu."

Yeye alitimiza ahadi yake. Ilikuwa imepita miezi kumi na minne tangu tumzike, na muda wote huo sikuwa nimefungua mlango wa kushoto. Ufunguo wake niliuweka ndani ya ganda la mita kuukuu ya shaba iliyokuwa juu ya rafu sebuleni. Sikuuficha. Niliuweka tu mahali ambapo mkono wangu haukuwa na sababu ya kwenda.

Mita ile ni kumbukumbu ya kazi. Niliingia idara ya maji kama mchimba mitaro, sijui hata kusoma kibao cha njia. Nikasoma jioni, miaka sita mfululizo, nikiwa na tope miguuni. Nikapandishwa kuwa msoma mita, na kazi hiyo nikaifanya miaka ishirini na saba. Mtaa mzima unaniita Bwana Mita. Kila ua wa mtaa huu nimeuingia, nimeinama, nimefunua kifuniko na kusoma tarakimu.

Mke wangu alikuwa fundi wa kushona. Cherehani yake ilikuwa upande wa dirisha, na wateja wake wengi walikuwa majirani. Nguo zangu mimi zilikuwa za mwisho kila mara. Suruali yangu ya kaki ilipotoboka magoti nilimletea kitambaa kipya, nikamkumbusha wiki hii, nikamkumbusha wiki ile. Nilimwambia kwamba mume wa fundi anakaribia kutembea uchi. Hakuinua hata kichwa.

"Zamu yako haijafika," alisema.

Hayo yalikuwa majibu yake kwa miezi mitatu. Kisha akaugua siku tisa.

Mwanzoni mwa mwaka huu nilianguka bafuni alfajiri na nikabaki pale chini hadi alasiri. Sikuvunjika. Sikuita mtu pia, ingawa dirisha lilikuwa wazi na niliwasikia majirani wakipita. Nilihesabu vigae vya ukutani. Vilikuwa mia moja na kumi na viwili, kimoja kina ufa. Mwanangu, binti yangu wa pekee, ambaye ni muuguzi, alipiga simu mchana mzima bila kujibiwa, ndipo akaja. Alinikalisha kitandani, akanipima mapigo ya moyo, akasema kwa ile sauti wanayofundishwa huko hospitali:

"Baba, utahamia kwangu. Sikuombi, nakuarifu."

Sikubishana. Kubishana kunataka moto fulani tumboni, na mimi sikuwa nao. Nilimpa masharti mawili tu. La kwanza, nitafungasha mwenyewe, sitaki mtu. La pili, kabati litakuja zima kama lilivyo, limefungwa, na hakuna atakayefungua upande wa mama yake. Akasema sawa, kwa namna ambayo watu husema sawa kwa wagonjwa. Lori lingekuja Jumapili saa tatu asubuhi. Mwenye nyumba alikuwa ameshampata mpangaji mwingine, na kitakachobaki ndani baada ya hapo kingetupwa.

Hadi Jumamosi asubuhi kila kitu kilikuwa tayari. Vitabu na madaftari yangu, maboksi kumi na moja. Vyombo, maboksi matatu. Nilikuwa nimeyapa namba na kuyapanga kufuata ukuta. Niliyafanya yote hayo kama mtu anayefungasha nyumba ya mtu mwingine. Nilikuta miwani ya mke wangu ya kutungia uzi, nikaifunga kwenye gazeti, nikaandika boksi namba kumi na mbili. Basi. Nilisubiri kidogo nione kama kuna kitu kitakuja. Hakikuja, nikaendelea.

Lilibaki kabati. Nilikuwa nimeshalipima mara nne. Mlangoni lingepita kwa kulilaza. Lakini nje ya mlango kuna ujia wa futi tatu, kisha kona. Hapo hesabu ilikuwa inakataa, nami nilikuwa nairudia kwa kuwa niliona vibaya kushindwa na hesabu.

Saa mbili asubuhi nikasikia hodi.

"Hodi humu ndani! Mwenyewe yupo, au ameshajifunga kwenye boksi?"

Alikuwa shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Yeye pia ni fundi wa kushona, anakaa upande wa pili wa mji. Ukiacha siku za msiba, hakuwa amekanyaga nyumba hii kwa miaka kumi na miwili, na sababu ilikuwa mimi. Siku ya sherehe ya binti yangu kumaliza chuo cha uuguzi nilitoa hotuba. Nilizungumzia faida za elimu, na ili watu wacheke nikawaonyesha mke wangu na mdogo wake waliokuwa wamekaa pamoja, nikasema: "Hawa wawili, hata majina yao yakikutana nao njiani hawayajui." Watu walicheka. Mke wangu pia alicheka, kidogo. Shemeji aliinuka, akachukua mkoba wake, akaondoka.

"Karibu, shemeji," nilisema.

"Nimeshaingia. Nikingoja unikaribishe tutaonana ahera." Akanitazama toka juu hadi chini. "Umekonda, Bwana Mita. Suruali imekufunga wewe, au wewe umeifunga?"

"Nimemwambia mtoto sihitaji mtu."

"Na mtoto ameniambia mimi. Unafikiri masikio yangu yanaishi kwako?" Akageuka nyuma. "Fundi, pita. Huyu mzee haumi, ni sura tu."

Nyuma yake alikuwa seremala, mtu wa makamo, mnene, penseli nyuma ya sikio, mfuko wa zana begani. Alinisalimu shikamoo vizuri, nikaitikia. Akaingia chumbani, akazunguka kabati, akapiga ubao kwa kifundo cha kidole, akainama kutazama viungo.

"Nani aliunda hili?"

"Mimi."

"Halina msumari?"

"Hata mmoja."

"Kazi safi kabisa," alisema, na ninaamini alimaanisha. Kisha akakuna kichwa. "Sasa mzee wangu, ulitaka litoke lini?"

Shemeji akaangua kicheko hadi akashika ukuta. Seremala alieleza kwamba gundi ya miaka hiyo imeshakuwa jiwe, viungo havitafunguka, dawa ni msumeno. Atalikata vipande vinne, nao ubao utafaa kwa rafu. Lakini hawezi kupitisha msumeno kwenye kabati lenye nguo. Alikuwa na kazi ndogo mtaa wa pili. Angerudi saa saba, akute limeshatolewa vitu.

"Halikatwi," nilisema.

"Saa saba," shemeji alimwambia, kama vile mimi ndiye niliyekuwa nimekwenda mtaa wa pili.

Akakaa juu ya boksi namba nne, ambalo lilikuwa na madaftari yangu ya hesabu.

"Shemeji, upande wangu nimeshautoa," nilisema. "Upande wa dada yako nimesema hautafunguliwa."

"Kwa nini?"

Nilitafuta sababu nikakuta pahali pa sababu ni patupu. "Nimesema tu."

"Wewe mzee ni kisiki. Gari likipita linakukwepa." Akasimama. "Nakwenda kupika chai. Nikirudi nikukute umepata jibu, wewe si ndiye msomi?"

Aliposhika njia ya jikoni nilifunga mlango wa chumba, nikavua shati. Niliazimia kuonyesha kwamba linatoka. Nikiliinamisha upande mmoja na kulizungusha polepole, labda ule ujia ungelikubali. Hesabu nimewahi kuikosea, ingawa si mara nyingi. Nikaweka bega chini ya ukingo wa juu, upande wa kushoto, nikalisukuma. Likainuka. Likaja juu yangu.

Ndani yake kitu kikateleza. Vitu vingi, laini, vikaporomoka vyote kwa pamoja hadi mlangoni, uzito ukahamia kwangu, nikawa nimesimama kati ya kabati na ukuta, siwezi kulirudisha wala kulishusha. Nikikwepa lingeanguka. Nisipokwepa nilikuwa na muda kidogo tu. Nilimsikia shemeji jikoni akigonganisha sufuria. Sikumwita. Nilianza kuhesabu, kama nilivyohesabu vigae. Bega likauma, kisha likaacha kuuma, likafa ganzi. Nakumbuka niliona afadhali kwamba angalau kiungo kimoja cha mwili wangu kimepata sababu ya kufa ganzi.

Nilifika mia mbili na arobaini. Goti likaanza kutetemeka, nikajisikia nikisema, si kwa sauti kubwa:

"Shemeji."

Sufuria zikaendelea kulia.

"Shemeji!"

Mlango ukafunguka. Alisimama, bilauri mkononi.

"Unafanya nini?"

"Nimelishikilia."

"Naona. Nani kamshikilia nani?"

Aliweka bilauri chini, akaja, akatia bega lake karibu na langu. Ni mwanamke mfupi, lakini amekanyaga cherehani miaka arobaini. "Moja, mbili," alisema, na kabati likarudi mahali pake kwa kishindo kilichotikisa dirisha. Nikakaa chini. Yeye akakaa pia, anahema.

"Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi," alisema. "Lakini hili lako, shemeji, lina mawe."

Tulikunywa chai tukiwa tumekaa pale sakafuni. Hakunikemea, na hilo lilinichosha zaidi. Bega liliponirudia nilikwenda sebuleni, nikatia vidole kwenye ganda la mita, nikarudi na ufunguo. Nilikuwa nimekusudia kufungua mwenyewe. Nikausimamisha ufunguo mbele ya kitasa, mkono haukwenda mbele wala nyuma. Nikampa.

"Fungua wewe."

Akafungua, na mafurushi yakamwagika miguuni pake.

Magauni ya mke wangu yalikuwa manne na koti moja, yananing'inia juu, wala hayakuwa na lolote la kunishtua. Kilichojaza kabati ni mafurushi. Baadaye niliyahesabu, ishirini na matatu. Kila moja ni kitambaa kilichokunjwa vizuri, kimefungwa kwa utepe uliokatwa kwenye pindo la kitambaa chenyewe.

"Mabaki ya vitambaa," nilisema. "Haya yangeweza kutupwa."

Shemeji alisogea karibu. Alipiga magoti, akachukua furushi moja, akalinusa, akachukua lingine. Alipogeuka, uso wake ulikuwa mwingine.

"Shemeji. Hizi ni nguo za watu."

"Watu gani?"

"Wateja! Kazi ya dada! Umekaa na nguo za watu miezi kumi na minne umezifungia? Hakuja mtu kuuliza?"

Ndipo nikawaona wote, mmoja mmoja, jinsi walivyokuwa wakija baada ya msiba. Mpishi wa shule. Kinyozi wa pale njia panda. Mama Pacha wa nyumba ya tatu. "Nimepita kukuona tu, Bwana Mita." Wanakaa, wanatazama mlango wa chumba, wanakohoa. Mimi nilidhani wameleta huruma, na huruma ni kitu ambacho sijawahi kukipokea toka kwa mtu. Nikawa nawaambia nashukuru, sina shida, kisha nasimama, na mgeni akiona mwenyeji amesimama naye husimama. Mama Pacha alirudi mara tatu. Nilijisemea kwamba watu hawachoki kuhurumia.

"Walikuja," nilisema. "Sikuwauliza wanataka nini."

Nilianza kukagua mafurushi nikitafuta karatasi, jina, alama yoyote. Hakuna. Tepe tu, zina mafundo hapa na pale, na kwenye ncha ya kila utepe kuna kidude kilichoshonewa. Kifungo, kipande cha zipu, kitu chochote.

"Hakuna kilichoandikwa," nilisema. "Tutajuaje ni za nani?"

"Zimeandikwa zote."

"Wapi?"

"Mkononi mwako."

Alininyang'anya utepe, akaunyoosha kati ya mikono miwili. "Hapa mwanzo ni shingo. Fundo la kwanza, bega. La pili, kifua. Hili lililofungwa mara mbili, kiuno. Ukifika mwisho wa utepe, gauni limefika chini. Shangazi yetu ndiye alitufundisha, kabla hatujaota meno ya pili. Na huyu hapa chini ndiye mwenyewe." Akaonyesha kifungo cha mbao. "Mpishi. Kwa sababu ya mwiko."

Akachukua mwingine. Vifungo viwili vimeshonwa kwa uzi mmoja. "Mama Pacha, huyu hata wewe unamjua." Jino la kitana: kinyozi. Kipande cha zipu kisichofunga kilikuwa cha mwanamke anayeuza mboga, ambaye mke wangu alisema mdomo wake umekatika meno. Ukafuata utepe wenye kulabu ndogo ya chuma, ile ya kufungia nyuma ya gauni.

"Na huyu?"

"Jirani yako wa ukuta huu. Akikushika na maneno hakuachii."

Hilo lilikuwa kweli tupu. Nikachukua daftari na kalamu, nikaanza kuandika: namba moja, kifungo cha mbao, mpishi. Shemeji alinishika kifundo cha mkono.

"Weka kalamu. Shika utepe. Hii haisomwi kwa macho."

Katika miaka ya mwanzo ya ndoa yetu nilimletea mke wangu kibao na chaki. Nilimkalisha mezani jioni, nikagonga herufi kwa rula kama nilivyokuwa nikigongewa. Akikosea nilicheka kidogo, kumtia moyo, ndivyo nilivyofikiri. Siku ya tano aliniambia ana nguo za watu. Nikajua ni mzito wa kichwa, nikamwacha, na maisha yote nikamsomea barua na risiti na maelezo ya dawa. Miaka yote hiyo alikuwa amekaa futi sita kutoka kwangu, akiandika.

Nikaweka kalamu. Nilipapasa mafundo, nikakosea kifua na bega, shemeji akanirekebisha. Nikakosea tena. Hakucheka. Polepole nikapata saba kwa usahihi, kisha kumi. Tuliyapanga mafurushi kitandani kufuata nyumba, kama nilivyokuwa nikipanga kadi za mita.

"Sasa tutawaitaje wote kabla ya jioni?" niliuliza.

"Mwite wa kulabu kwanza. Mpe lake. Nusu saa tu, mtaa mzima watakuwa hapa."

Haikufika nusu saa. Walikuja mmoja mmoja, wengine wakisimama mlangoni kana kwamba sakafu ina maji. Nilitoa furushi kwa kila mtu kwa mikono yangu. Kinyozi alifungua lake, akatazama shati lililoshonwa upande mmoja, akalikunja tena vilevile. Mpishi alisema asante, akabeba na boksi moja la vyombo hadi barazani bila kuombwa, nikamwacha abebe. Mama Pacha alikunjua sare mbili za shule, ndogo, zilizobakiza kupindwa tu. Alizishika juu. Wanawe walikuwa wameshanipita kiunoni.

"Samahani," nilisema. Ni neno ambalo sina mazoea nalo.

"Zitawafaa wengine." Akazikunja. "Tulifikiri utatuita, Bwana Mita."

"Mimi nilifikiri mnakuja kunihurumia."

Alizitia sare kwapani. "Tulikuja kwa vyote viwili," alisema.

Seremala alirudi saa saba na robo. Aliniuliza aanzie wapi, kwa kuwa mimi ndiye ninayeujua ubishi wa kabati hilo. Nikamwonyesha viungo vilipo. Nikashika ubao upande wangu wakati msumeno unaingia, usije ukapasuka. Vumbi lililotoka lilikuwa jekundu na lilinukia mbao mbichi, baada ya miaka thelathini na sita. Nilingoja kusikia uchungu. Nilisikia msumeno. Alipomaliza, kulikuwa na vipande vinne vilivyoegemea ukuta, na nyuma yake mstatili wa rangi ya zamani ya chumba, buluu, ambayo nilikuwa nimeisahau.

Mwanangu alipiga simu kuuliza tumefikia wapi. Shemeji ndiye aliyepokea.

"Baba yako yupo. Limekatwa. Ndiyo, amekubali… Hapana, hajalia. Huyu? Thubutu." Akanipa simu.

"Baba?"

"Mwambie dereva wa lori vipande ni vinne," nilisema. "Na aje na mtu wa kumsaidia kubeba. Mimi bega linaniuma."

 Nilisikia vitanda vya magurudumu vikipita nyuma yake huko kazini. "Sawa, Baba," alisema, na safari hii hakuisema kama wanavyowaambia wagonjwa.

Saa kumi yalibaki mafurushi mawili. Moja lilikuwa la mteja aliyeshahama mji. Shemeji alisema atalipeleka yeye, anamjua dada yake. Lingine lilikuwa chini kabisa ya rundo, lililokuwa limegota kwenye kona wakati kabati limenilalia. Kitambaa cha kaki. Nilishika utepe wake, nikapapasa. Kiuno, paja, goti. Suruali. Kwenye ncha kulikuwa na kifungo cheusi, kinang'aa, kizuri sana, lakini hakikuwa na tundu hata moja. Kiwandani walikuwa wamesahau kukitoboa. Kilikuwa kimezungushiwa uzi pembeni ili kisidondoke.

"Huyu simjui," nilisema. "Mnene kidogo. Labda dereva mmoja hivi."

Shemeji alikisukuma kifungo kwenye kiganja changu.

"Bwana Mita," alisema taratibu, "hata jina lako likikutana nawe njiani hulijui."

 Nilikigeuza kifungo kile kati ya vidole, mbele na nyuma.

"Alikuwa akisema hivi," shemeji aliendelea, bila ukali. "Mume wangu ni kifungo kisicho na tundu. Kizuri, kinang'aa, kila mtu anakisifu. Lakini uzi nitaupitisha wapi? Tulikuwa tunacheka, mimi na yeye. Usinikasirikie."

"Sijakasirika."

Ilikuwa kweli. Nilikikunjua kitambaa. Suruali ilikuwa imeshakatwa, miguu yote miwili, na chaki yake bado iko kwenye mistari. Haikuwa imeshonwa popote. Zamu yangu ilikuwa imefika, basi, kabla hajaugua, au ilikuwa inakaribia.

Shemeji alichukua ule utepe akanizungushia kiunoni. Mwanzo wake ukalipita fundo la kiuno kwa vidole vinne.

"Huu unamjua mtu mwingine," alisema. "Simama wima. Nikushonee, wiki ijayo nitakuletea kwa mtoto."

"Usisumbuke. Ninazo nyingine."

Nilisema hivyo kwa mazoea, kama mtu anavyoitikia salamu. Yeye alikuwa ameshakata utepe mpya kwenye pindo la kaki na alikuwa akinitazama, anangoja. Chumbani kilibaki kitanda tu. Hakukuwa na kiti cha kukalia wala boksi la kujifanya nalipanga.

"Inua mikono, shemeji."

Nikainua. Akanizungushia utepe, mikono yake ikapita mgongoni, ikarudi mbele. Akafunga fundo. Akapiga goti, akapima hadi chini, akafunga lingine. Tangu siku binti yangu aliponiokota bafuni hakuna mtu aliyekuwa amenigusa kwa namna hiyo. Nilitazama ule mstatili wa buluu ukutani.

"Mwishoni nikuwekee hiki hiki?" Alikuwa ameshika kifungo cheusi. "Au nikutafutie kingine?"

"Hicho hicho," nilisema. "Dada yako ameshakizoea."

Alikibana kile kifungo kati ya midomo akitafuta sindano kwenye mkoba wake. Nikamsikia akitunga uzi, akishona, akikata. Nje, seremala na mpishi walikuwa wakibishana namna ya kupanga vipande barazani visilowe.

"Shusha mikono, shemeji," alisema. "Nimeshamaliza zamani."